UZI: "Hawakupanda, sisi ndio tulishuka." Kwa nini falme za milimani zilishindwa vita

#1 Mwana wa Heru

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Uzi huu ni mrefu, nimeuandika usiku tatu mfululizo, kwa hiyo mwenye haraka aurudie akitulia.

Mimi ni Muha wa Heru Juu, Kasulu. Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na gobore la kuwindia nguruwe pori waliokuwa wakitumalizia mihogo. Nikiwa darasa la sita nilirudi nyumbani na daftari la historia. Mwalimu alikuwa ametuandikisha kwamba watawala wetu walishindwa na Wajerumani kwa sababu ya silaha duni. Nikamsomea babu. Hakujibu. Alilitungua gobore ukutani, akaketi kwenye kigoda, akaniambia nihesabu kwa sauti.

Akamimina baruti kiganjani kutoka kwenye pembe, akaipima kwa jicho, akaiteremsha mdomoni mwa mtutu. Akasokota kipande cha kitambaa, akakishindilia kwa mdeki. Akatia marisau. Akashindilia tena. Akapachika fataki, akavuta mtambo nyuma. Nilikuwa nimefika 43.

"Mjerumani kwa muda huo amepiga ngapi?"

Nikasema nyingi.

"Basi mwalimu wako hajasema uongo. Ila kesho muulize, hizo risasi nani alizipandisha mpaka hapa kwetu?" Akalirudisha gobore ukutani. "Hapa hawakupanda. Sisi ndio tulishuka. Chumvi ilikuwa imeisha."

Maneno hayo aliyapata kwa babu yake yeye, ambaye alikuwa kijana Wajerumani walipofika Ujiji. Nimeyabeba zaidi ya miaka 30. Nimesoma nilichoweza kukipata, nimetembea Uvinza, Ujiji, Manyovu hadi mpakani na Burundi, na ninachotaka kukisema ni kimoja tu: mlima unakulinda na adui anayepita, haukulindi na adui anayejenga. Falme zetu zilimmudu sana yule wa kwanza. Alipokuja wa pili zikampima kwa kipimo kilekile.

Tuanze na anayepita. Novemba 1871 Stanley alikuwa anakaribia Ujiji kumtafuta Livingstone. Bunduki alikuwa nazo, na njia yake ilikatiza Uha, yaani Buha, nchi yetu sisi Waha. Kila baada ya mwendo mfupi alimkuta mtware (mkuu wa kilima) anadai hongo ya vitambaa. Akalipa. Akasogea, akalipa tena. Alipoambiwa kwamba mbele bado wako wengine wanamsubiri, alimkodi mtu wa kumwonyesha njia, akauondoa msafara usiku kimyakimya kupitia porini mpaka akatoka mipaka ya Uha. Mtu wa bunduki anatoroka usiku mbele ya watu wa mikuki na pinde! Alijua akifyatua risasi moja vilima vyote vitasikia, na yeye ana mizigo, ana wagonjwa, na maji anayategemea kwa wenyeji.

Au mchukueni Muhammad bin Khalfan, ambaye watu walimwita Rumaliza. Miaka ya 1880 makao yake yalikuwa Ujiji. Alikuwa na bunduki za kutosha kuitia mkononi Uzige, ile tambarare ya kaskazini mwa ziwa ambayo leo Bujumbura imekaa juu yake. Lakini alipojaribu kuupandia ufalme wa Burundi, wa Mwami (mfalme) Mwezi Gisabo, alirudishwa chini. Nendeni Manyovu mkaone mtaelewa. Ziwa liko mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari, na ukipanda huku kwetu unavuka 1300 bila kujua. Njia ni ya mtu mmojammoja. Aliye juu anakuona tangu asubuhi, wewe unamwona anapotaka yeye. Gobore likinyeshewa ni rungu tu. Tena Rumaliza alikuwa mfanyabiashara, alitaka pembe na watumwa, na hasara ikishaipita faida mfanyabiashara anageukia kwingine.

Sasa anayejenga. Mwaka 1896 Kapteni Hans Ramsay alifungua kituo cha kijeshi cha Wajerumani Ujiji. Baadaye wakajenga boma Usumbura (Bujumbura ya leo). Nawaomba mlitazame boma kwa macho ya mtu wa mlimani. Halikuwa njiani kwenda kokote. Lilikaa. Mwaka ulipita likakaa, mavuno yakaja likakaa. Na mahali lilipokaa ni pale ambapo mtu wa mlimani lazima ashuke.

Kwa nini lazima? Hapa ndipo babu alipokuwa anapigia. Uvinza, pale mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi, kuna chemchemi za maji ya chumvi. Kila kiangazi watu walishuka kutoka Buha, kutoka Burundi, kutoka kando ya ziwa, kutoka Unyamwezi, wakapiga kambi, wakayachemsha yale maji kwenye vyungu usiku na mchana, wakawapa watemi wa Uvinza sehemu yao, wakapanda na mizigo ya chumvi kichwani. Chakula tulikuwa nacho, chuma tulikuwa tunayeyusha wenyewe, nasi Waha tulisifika kwa kazi hiyo. Chumvi hatukuwa nayo. Mjerumani alipoishika Uvinza na Ujiji hakuhitaji kupanda kila kilima. Alishika koo.

Na alipopanda, hakupanda kama Rumaliza. Mwaka 1903 Kapteni von Beringe (huyuhuyu ambaye gorila wa milimani kule Virunga wanabeba jina lake) alimwandama Mwezi Gisabo. Mwami alihama mahali hadi mahali, watu wakamficha, mlima ukafanya kazi yake. Lakini nyumba haihami, kihenge hakihami, migomba haihami. Von Beringe alichoma na kuswaga ng'ombe. Tarehe 6 Juni 1903 Mwezi akakubali mapatano ya Kiganda (mahali kulekule Burundi): faini ya ng'ombe 424, na kuwatambua Kilima na Maconco, watu waliokuwa wakipingana naye, wawe na nchi zao. Ufalme ule ule uliomrudisha Rumaliza.

Hili la kihenge naomba nilikazie, maana watu wanalipita haraka. Ukimchomea mtu wa milimani kihenge cha mtama mwezi wa sita hujamchomea chakula peke yake. Umemchomea mbegu. Mvua za Oktoba zinakuja hana cha kuweka ardhini. Njaa yake haianzi siku ile, inaanza mwakani, na mwakani askari wapo palepale bondeni wanakula mshahara. Vita ambavyo wewe unavihesabu kwa siku ya mapambano, mwenzako anavihesabu kwa misimu.

Hata nje ya kwetu ni hivyohivyo. Kule Lesotho, Moshoeshoe alikuwa na mlima wake, Thaba Bosiu. Agosti 1865 Makaburu wa Free State waliupanda, kiongozi wao Louw Wepener akauawa kwenye mteremko, mlima haukutekwa. Haukuwahi kutekwa. Basi Makaburu wakauacha, wakageukia mazao na ng'ombe kule chini kwenye mashamba mazuri ya bonde la mto Caledon. Mwaka uliofuata Moshoeshoe akatia sahihi kuiacha ardhi hiyo, na Machi 1868 nchi ikaingia chini ya Uingereza kwa kuomba mwenyewe. Mlima mzima, ufalme umepungua nusu.

Bunduki sizidharau, babu amenihesabisha. Tena kuna jambo halisemwi sana: mwaka 1890, kwenye mkutano wa Brussels, mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiuzwe katika sehemu kubwa ya Afrika, huku gumegume (bunduki za kizamani za kuwashwa kwa cheche za jiwe) zikiruhusiwa. Kwa hiyo zile silaha duni za ubaoni zilipangwa mezani ziendelee kuwa duni, na hapo walipangiwa babu zetu.

Karibuni tujadili. Mwenye simulizi za kwao azilete.

#2 Dagaa wa Kibirizi

Nimeweka kambi hapa. Mkuu, hiyo hesabu ya gobore imenirudisha mbali sana.

#3 Mzee wa Reli

Mwana wa Heru, nakupongeza kwa kazi, ila naona umeizungusha hoja mwenyewe. Rumaliza alikuja na gobore akashindwa. Von Beringe alikuja na bunduki za kutilia risasi nyuma pamoja na bombomu (bunduki za rashasha), akashinda. Kilichobadilika hapo ni nini kama si bunduki? Mtu wa gobore akijitahidi sana anapiga mara 2 au 3 kwa dakika. Bombomu ya Maxim inatema risasi kama 600 kwa dakika. Chumvi ilikuwepo Uvinza enzi zote, na Waarabu walikuwepo Ujiji enzi zote. Silaha ndiyo iliyokuwa mpya. Mimi ni mtu wa mahesabu, ukibadilisha kitu kimoja na jibu likabadilika, basi ni hicho ulichobadilisha.

#4 Mwana wa Heru

Mzee wangu shikamoo. Hoja yako ni nzito na nimeikalia tangu jana.

Nikuombe uipeleke Uhehe. Tarehe 17 Agosti 1891, Lugalo, Emil von Zelewski anaongoza msafara wenye bunduki za kisasa na mizinga. Wahehe wa Mkwawa wamelala kwenye majani kando ya njia. Mizinga ilikuwa bado imefungwa juu ya punda. Kwa muda mfupi Zelewski amekufa na askari wake karibu 300 pamoja naye, kwa mikuki. Mwaka uliofuata, Juni 1892, Moshi, Mangi Meli akawashinda Wajerumani, na kiongozi wao von Bülow akafia huko. Silaha mpya zilikuwepo mara zote mbili na zilishindwa.

Kilichobadilika, mzee, ni kwamba walirudi. Meli walimrudia Agosti 1893. Mkwawa walimrudia Oktoba 1894, wakaivunja Kalenga na kuta zake za mawe. Na waliporudi hawakuwa wale waliokufa. Jeshi lile lilikusanya askari Sudan, Msumbiji na pwani, likawalipa. Wakifa 300 zinaandikwa barua, wanakuja wengine. Mkwawa akipoteza vijana 300, hao ndio waliokuwa wapalilie, waoe, wajenge. Ushindi wa Lugalo ulimgharimu Mkwawa watu ambao hakuna barua ingewaleta. Kwa hiyo nakubaliana nawe nusu: bunduki iliua. Lakini kilichoshinda ni ile barua.

#5 Mtoto wa Gongoni

Naingia kutoka Tabora. Mwana wa Heru, uzi wako ni mzuri lakini huku kwetu hatuna mlima wowote wa kutajika. Ni tambarare, miombo na maembe. Na bado yametukuta yaleyale. Kwa hiyo labda mlima hauhusiki kabisa?

Nieleze kidogo kwa wasiojua. Mtemi Isike wa Unyanyembe alikuwa na ikulu yenye ngome, nene, imezungushiwa ukuta. (Na hili neno ikulu tunalolitumia leo kwa nyumba ya Rais limetoka huku kwetu Unyamwezini, wengi hawajui.) Emin Pasha, aliyekuwa akiwatumikia Wajerumani, alipopita Tabora 1890 alifanya mapatano na Waarabu wa mjini, Isike akabaki kuzungukwa. Mwaka 1892 Wajerumani waliishambulia ngome yake zaidi ya mara moja, ikawashinda. Januari 1893 akaja Tom von Prince, yule waliyemwita Bwana Sakarani, na safari hii wakaivunja. Isike alipoona wameingia aliwasha ghala la baruti akiwa ndani pamoja na jamaa zake. Wajerumani wakaweka mtawala mwingine wa ukoo huohuo.

Kila nikipita upande ule natafakari yule mtu na ule moto. Lakini swali langu lipo palepale: Isike hakuwa na mlima.

#6 Mwana wa Heru

Kaka wa Gongoni, ahsante sana, hili umenifanya nilifikirie upya.

Isike alikuwa na mlima. Aliujenga. Ile ngome ndiyo ilikuwa Thaba Bosiu yake, ndiyo Kalenga yake: mahali ambapo mtu anajisikia salama, kwa hiyo anakusanya humo baruti, pembe, ng'ombe, wake na watoto. Na adui anajua sasa mahali pa kulenga.

Mlinganishe na Mirambo, wa hukohuko kwenu. Mwaka 1871 Waarabu wa Tabora walikwenda kumpiga, Stanley akiwa pamoja nao. Wakaingia kijiji cha Wilyankuru, wakakichukua, wakapakia pembe na mateka, wakashika njia ya kurudi. Mirambo hakukaa kijijini afe nacho. Alikuwa kwenye majani marefu njiani na rugaruga (wapiganaji) wake, akawangoja mpaka walemewe na nyara zao wenyewe. Waliotoroka walifika kwa Stanley wamechanganyikiwa, na muda si mrefu Mirambo akaingia Tabora kwenyewe akachoma. Mtu wa tambarare bila mlima, adui ana bunduki nyingi kuliko yeye, na alishinda kwa sababu hakuwa na mahali ambapo ukipateka umemteka yeye.

Hata Mkwawa, baada ya Kalenga kuvunjwa, ndipo alipowatesa Wajerumani karibu miaka 4, akihama porini. Walimweka ndugu yake Mpangile kwenye kiti mwishoni mwa 1896, miezi miwili mitatu wakamnyonga. Wakaahidi rupia 5000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Alipojiua Julai 1898 pale Mlambalasi alikuwa mgonjwa na amebaki karibu peke yake, maana kila aliyempa chakula alikuwa anaadhibiwa. Ni kihenge kilekile, ndugu yangu.

Kwa hiyo nakubali kurekebisha: tatizo si mwinuko wa ardhi. Tatizo ni kuwa na mahali pamoja unapopaamini kupita kiasi. Sisi wa milimani tulipewa na Mungu, Isike akajijengea.

#7 Kirima Juu

Mimi nimezaliwa Kibosho ila nafanya kazi Kigoma mwaka wa saba sasa. Kuna jambo moja naomba tulisawazishe kwa heshima.

Kwenye #1 umegusa Kilima na Maconco, na wengi wakisoma hapo kichwani linakuja neno usaliti. Kwetu pia tunafundishwa kwamba Februari 1891 Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alimshinda Mangi Sina wa Kibosho kwa sababu Rindi wa Moshi alitoa wapiganaji. Na kwamba Meli, mtoto wa Rindi, naye akaja kushindwa huku Marealle wa Marangu akiwa upande wa Wajerumani. Ukiisoma leo unaona Mchaga amemuuza Mchaga.

Lakini mwaka 1891 Mchaga alikuwa hajawa Mchaga. Kulikuwa na mtu wa Kibosho, mtu wa Moshi, mtu wa Machame. Sina alikuwa amemsumbua Rindi miaka na miaka, amemchukulia ng'ombe na watu. Kati ya Moshi na Kibosho kuna korongo, na ng'ambo ya korongo ndiko adui wako aliko tangu kwa babu. Huyu mgeni wa bunduki kwa Rindi alikuwa rafiki mwingine wa kumtumia, kama alivyokuwa akiwatumia wafanyabiashara wa pwani. Mlima ndio uliotugawa. Kila mgongo una mangi wake, mifongo (mifereji ya maji) yake, mipaka yake. Mlima uleule unaomzuia adui asipande unamzuia na jirani asiwe ndugu.

Meli alinyongwa Machi 1900 pamoja na wenzake, na bado hatujazika kichwa chake. Watu wazima wanakwenda na kurudi Ujerumani kukitafuta. Kwa hiyo jambo hili kwetu si la daftarini.

#8 Mwana wa Heru

Kirima Juu, pole, na nimepokea. Neno usaliti sikuliandika lakini nakiri lilikuwa moyoni mwangu nilipokuwa naandika. Nalitoa.

Na Buha ni hivyohivyo. Leo tunasema Waha kwa umoja, lakini kulikuwa na Heru, Buyungu, Muhambwe, Ruguru, Nkalinzi, kila mmoja na mwami wake, na chini ya mwami kila kilima na mtware wake, na pembeni wateko wenye ardhi na matambiko. Mtu wa boma la Ujiji hakuwahi kupigana na Buha. Alipigana na kilima hiki mwezi huu, akaongea na kilima kile mwezi ujao.

#9 Kijana Buhigwe

Shikamooni wakubwa. Na Adwa je? Ethiopia ni milima mitupu na waliwashinda Waitaliano, tarehe 1 Machi 1896.

#10 Nyakibondo

Kijana, marahaba. Adwa Mfalme Menelik alikuwa na watu karibu 100,000 na wengi wana bunduki za kisasa alizozinunua kwa miaka, nyingine kwa Waitaliano wenyewe. Alikuwa amewakusanya wakuu wa majimbo wakaja pamoja. Na kabla ya vita majeshi yote mawili yalikaa yakitazamana mpaka vyakula vinaisha, jemadari wa Kiitaliano ndiye aliyelazimika kutoka. Kwa mara moja mtu wa milimani ndiye aliyengoja. Lakini milima ileile, mwaka 1868, Mfalme Tewodros alikimbilia juu ya Magdala, wakuu wake wengi wameshamwacha, Waingereza wakapanda na akajipiga risasi. Kwa hiyo jibu haliko kwenye milima.

Sasa nije kwenye lililonileta. Mimi ni mama wa Kibondo, na kaka zangu mmeongea mpaka ukurasa umejaa, ng'ombe hamjamgusa isipokuwa kama kitu cha kuporwa.

Ng'ombe ndiye alikuwa kamba. Mwami hakuwa na mshahara wa kumpa mtu. Alikuwa na ng'ombe wa kumkabidhi. Ukipewa ng'ombe kwa ubugabire unakuwa mtu wa aliyekupa: unamtumikia, unamlimia, akiita vita unakwenda, na ndama wanawafunga wewe na yeye mpaka kwa watoto wenu. Jeshi la mwami lilikuwa zizini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka (tauni ya ng'ombe) ilipita Afrika Mashariki yote. Ng'ombe walikufa kwa makundi, mpaka fisi wakashindwa kuwamaliza. Ndui nayo ikawa inatembea. Na funza, yule mdudu wa miguuni, ambaye mwaka 1872 ndipo alipoletwa pwani ya Angola, alikuwa amelikata bara zima akatufikia. Leo tunamtoa kwa pini. Wakati ule hakuna aliyemjua, watu walioza vidole, wakashindwa kwenda shamba.

Sasa fikirini: Ujiji boma limefunguliwa 1896. Ni miaka michache tu baada ya zizi kuwa tupu. Mwami anapiga ngoma kuwaita watu, na kamba iliyowafunga kwake imeoza malishoni. Kwa nini waje? Mnasema walishindwa na Mjerumani. Mimi nasema Mjerumani alikuta nyumba ambayo nguzo zake zimeliwa, akasukuma.

Mwana wa Heru, ulitaka simulizi. Muulize aliyebaki kwenu: baada ya sotoka walibaki na ng'ombe wangapi?

#11 Mwana wa Heru

Wakuu, samahani kwa kimya cha wiki mbili. Dada Nyakibondo, swali lako lilinilaza macho, nikaona nisilijibu kutoka kichwani.

Babu hayupo, lakini mdogo wake wa kike yupo, bibi yetu, amepita miaka 90 na bado anapukuchua maharage mwenyewe. Jumamosi nilipanda Heru na kilo mbili za sukari. Nilimkuta uani juu ya mkeka, jua limemwangukia miguuni. Nikamsalimu, nikakaa, nikapukuchua naye kwanza, maana kwake huulizi kitu mikono mitupu. Kisha nikamuuliza kama ulivyoniagiza.

Hakufikiri hata kidogo. Alisema babu yake alikuwa amepewa ng'ombe na mtware, wakazaana, wakafika kama vidole vya mikono na mguu mmoja. Akavikunja vidole mbele yangu. Sotoka ilipopita akabaki mmoja, jike. Nikamuuliza alikuwa wa rangi gani, nikidhani namsumbua bure mtu mzima kwa jambo la kabla hajazaliwa. Akaniambia, "Bihogo." Ndilo lilikuwa jina lake, na kwetu jina hilo ndilo rangi, hudhurungi iliyokolea inayoelekea wekundu. Mama yake alimwimbia wimbo wa Bihogo akiwa mdogo. Akaniimbia kipande, sauti imekatikakatika, mikono bado inapukuchua.

Nikauliza kama mtware hakuja kumdai ng'ombe wake. Alisema mtware mwenyewe alikuwa hana kitu, alikuja mara moja kuomba maziwa ya mtoto, akapewa, hakurudi tena.

Na Bihogo aliishia wapi? Aliteremshwa Ujiji, bibi akasema. Babu yake alimswaga siku mbili. Akarudi na mizigo miwili ya chumvi na rupia za kodi.